Kukatwa au kutokatwa: uchambuzi wa kisa cha saratani ya titi ya hatua ya tatu

Mwanamke wa miaka 44, mfanyabiashara wa vitenge mjini Morogoro, mama wa watoto watatu, ambaye bado anaona siku zake kila mwezi, anafika kliniki ya saratani jijini Dar es Salaam akiwa na uvimbe wa sentimeta 5.5 katika titi la kushoto na tezi mbili zinazoshikika kwapani. Uvimbe huo aliugundua mwenyewe alipokuwa akioga, miezi minane kabla ya siku hiyo. Mgonjwa huyu ni wa mfano: hakuna mtu mmoja aliye nyuma yake, bali ameundwa kutokana na hali zinazojirudia sana katika ukanda wetu, ili uchambuzi ufuate mwili mmoja, karatasi moja ya majibu na familia moja.

Miezi minane hiyo haikupotea kwa uzembe tu. Uvimbe haukuuma, na kwa watu wengi ugonjwa usiouma si ugonjwa. Zahanati ya kwanza ilimpa antibayotiki kwa kudhani ni jipu; baadaye akatumia dawa za mitishamba kwa miezi mitatu, na alipopata rufaa alisubiri tena foleni ya ultrasaundi. Tathmini ya huduma za afya ya matiti iliyofanywa Tanzania mwaka 2017 ilieleza kwamba takriban asilimia 80 ya wanawake hugundulika wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Utafiti mwingine, uliowafuatilia wagonjwa wa Namibia, Nigeria, Uganda, Zambia na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa takriban nusu yao tu ndio waliokuwa hai miaka mitatu baada ya kugundulika. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni kwa mara ya kwanza. Nayataja haya mara moja na kuyaacha, kwa kuwa mama huyu amekwisha kufika, na kumlaumu hakumpunguzii uvimbe hata milimeta moja.

Alikuja na mumewe, kaka yake mkubwa na shangazi yake. Shangazi ndiye aliyeanza kusema: “Daktari, sisi tunachoogopa ni kisu. Kisu kikigusa ugonjwa huu, unasambaa.” Mume aliuliza kama titi linaweza kubaki. Kaka alitaka liondolewe lote, tena haraka, “ili mambo ya mionzi yasimfikie.” Mgonjwa mwenyewe alikaa kimya, akishika bahasha ya majibu ambayo hakuna aliyekuwa ameifungua. Kwa familia ile, jambo zima lilikuwa swali moja: akatwe au asikatwe?

Ni swali la haki, na hakuna sababu ya kumbeza anayeliuliza. Ila kwa mgonjwa huyu halikuwa swali la kwanza, wala si lenye uzito mkubwa kuliko yote katika kuamua kama ataishi. Majibu ya maswali yaliyotangulia ndiyo yaliyoamua nini kiwezekane kwenye meza ya upasuaji. Hofu ya shangazi pia inastahili jibu la heshima, kwa sababu haikutoka hewani. Ameona watu wakipasuliwa na kufariki muda mfupi baadaye. Alichoona ni kweli. Sababu aliyoipa ndiyo yenye kasoro. Wengi wa wale walipasuliwa ugonjwa ukiwa umekwisha kufika kwenye mapafu, ini au mifupa bila kupimwa, na wengine walitolewa uvimbe tu bila dawa yoyote iliyofuata. Kisu hakikuusambaza ugonjwa; kilichelewa, au kilifanya kazi peke yake.

Bahasha ilipofunguliwa, ndani yake kulikuwa na karatasi moja ya patholojia, yaani majibu ya uchunguzi wa uvimbe chini ya darubini, na nusu saa iliyofuata ilitumika juu ya karatasi hiyo. Nadhani huo ndio uliokuwa muda uliotumika vizuri kuliko wote katika kisa hiki. Kinyama, yaani sehemu ndogo ya uvimbe ya kupimwa, kilichukuliwa kwa sindano nene inayokata vipande vidogo mfano wa vijiti vya kiberiti. Sindano nyembamba, inayovuta chembe chache tu, inaweza kuonyesha kwamba kuna saratani, lakini kwa kawaida haitoshi kueleza ni saratani ya aina gani. Karatasi ilisema: saratani vamizi ya mirija ya titi, daraja la pili, ER asilimia 80, PR asilimia 40, HER2 2+, Ki-67 asilimia 25.

ER na PR ni vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni. Chembe nane katika kila kumi za saratani hii zina mahali pa kupokea estrojeni, maana yake ni kwamba homoni inayotengenezwa na mwili wa mama huyu inaulisha ugonjwa wake, na kwamba kuna dawa za kuukatia chakula hicho. Hiyo ilikuwa habari njema kuliko zote kwenye karatasi, ingawa hakuna aliyeipokea hivyo. Ki-67 hukadiria ni chembe ngapi zilikuwa zikigawanyika, na daraja hueleza kiasi ambacho chembe hizo zimepotoka kutoka kwenye umbo la kawaida. Hapa watu huchanganya daraja na hatua. Daraja ni tabia ya chembe chini ya darubini. Hatua ni umbali ambao ugonjwa umefika mwilini. Mtu anaweza kuwa na daraja la pili na hatua ya tatu kwa wakati mmoja, kama ilivyokuwa kwake.

Vipokezi hivi havionekani vizuri kama kinyama hakikutunzwa ipasavyo. Kinatakiwa kuingia kwenye formalini, kimiminika cha kukihifadhia, mara tu kinapotoka mwilini, kikae humo kwa saa zisizopungua 6 na zisizozidi 72. Kinyama kilichoachwa mezani kikisubiri mtu wa kukipeleka maabara, au kilichotumbukizwa kwenye maji ya chumvi kwa kukosa formalini, kinaweza kutoa jibu la “hakuna vipokezi” ilhali vipo. Jibu hilo la uongo humnyima mgonjwa dawa ya bei nafuu inayoweza kumwokoa. Kwa hiyo ndugu anayekabidhiwa kichupa apeleke maabara nyingine, jambo la kawaida sana kwetu, ana haki ya kuuliza kama ndani mna formalini na saa ngapi kinyama kiliwekwa.

Kipengele cha HER2 ndicho kilichochelewesha mambo. HER2 ni protini ambayo, katika takriban asilimia 15 hadi 20 ya saratani za titi, hujaa kupita kiasi juu ya chembe na kuzisukuma zikue haraka. Jibu la 0 au 1+ huhesabiwa kuwa hasi, na 3+ huhesabiwa kuwa chanya. 2+ si hasi wala si chanya. Ni maabara kusema kwamba kipimo hiki hakijatosha, na kwamba kinahitajika kipimo kingine kinachohesabu jeni yenyewe ndani ya chembe. Kipimo hicho hakifanyiki kila mahali, kinyama hutumwa mbali, na gharama yake mara nyingi humwangukia mgonjwa. Kaka alipoambiwa wasubiri wiki tatu, alikasirika. Miezi minane imepita, halafu hospitali nayo inasema subiri!

Kusubiri huko kulikuwa sahihi, na sababu yake ni hii. Trastuzumabu, dawa inayoizuia HER2, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 na kuingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Dawa hiyo iliubadilisha ugonjwa uliokuwa miongoni mwa mibaya zaidi ukawa miongoni mwa inayotibika vizuri. Lakini hutolewa kila baada ya wiki tatu kwa mwaka mzima, ni ghali, na haimsaidii asiye na HER2 chanya. Kama jibu lingekuwa chanya, mpango wote wa dawa ungebadilika tangu siku ya kwanza, na familia ingelazimika kuzungumza na bima au kutafuta fedha kabla ya jambo lingine lolote. Jibu lilirudi hasi. Wiki tatu hizo hazikupotea bure pia, kwa kuwa ndani yake alipigwa picha za CT za kifua na tumbo, akapimwa moyo kwa eko, damu, ini, figo na VVU, na hakuna dalili ya ugonjwa iliyoonekana nje ya titi na kwapa. Hatua yake ikaandikwa IIIA. Maana yake katika lugha ya nyumbani ni kwamba ugonjwa umekua na umefika jirani, lakini lengo la matibabu bado ni kuponya. Lau picha zingeonyesha ugonjwa kwenye ini, lengo lingekuwa kuudhibiti na kumpa maisha marefu yenye nafuu, na pengine upasuaji wa titi usingekuwamo kabisa katika mpango.

Baada ya hapo ndipo njia zilipowekwa mezani. Ya kwanza ilikuwa kuanza na upasuaji, kisha dawa za dripu ambazo wagonjwa wengi huziita kemo, kisha mionzi, kisha vidonge vya homoni. Ya pili ilikuwa kuanza na kemo ili uvimbe usinyae, ndipo apasuliwe. Ya tatu, kuanza na tiba ya homoni pekee, ilitajwa na kuwekwa kando: inawafaa zaidi wanawake waliokoma hedhi, hasa wenye umri mkubwa au maradhi mengine, si mwanamke wa miaka 44 mwenye tezi kwapani. Ya nne haikuandikwa kwenye faili, lakini ilikuwepo chumbani: kurudi Morogoro na kuendelea na mitishamba. Muuguzi aliyekuwepo aliitaja waziwazi, na naona alifanya vyema, kwa sababu njia isiyotajwa mbele ya daktari ndiyo inayofuatwa baada ya kutoka mlangoni. Alimwambia mgonjwa kwamba hakuna atakayemgombeza kwa kile alichokunywa, ila wanahitaji kukijua, kwa kuwa baadhi ya mitishamba hulemea ini lilelile linalotakiwa kuchakata dawa.

Kati ya njia mbili za mwanzo, ipi ina maisha zaidi? Watafiti wa Marekani waliwagawa wanawake zaidi ya 1,500 katika makundi mawili, kundi moja likipewa kemo kabla ya upasuaji na jingine baada yake, na urefu wa maisha haukutofautiana. Tofauti ilikuwa kwenye titi: waliotangulia na kemo waliweza kubaki na titi kwa wingi zaidi, asilimia 68 dhidi ya 60. Kwa hiyo kuanza na dawa hakukuwa “kuahirisha tiba,” kama kaka alivyodhani. Dawa ndiyo tiba, nayo husafiri mwili mzima kutafuta chembe ambazo picha hazizioni, kazi ambayo kisu hakiiwezi. Jopo la madaktari lilipendekeza kemo kwanza, na mgonjwa, aliyezungumza kwa mara ya kwanza siku hiyo, aliuliza jambo moja tu: “Nitaweza kufungua duka?”

Jibu la kweli lilikuwa: baadhi ya siku. Mpango wake ulikuwa dozi nne za doksorubisini na siklofosfamidi, kila baada ya wiki tatu, kisha paklitakseli kila wiki kwa wiki 12. Jumla karibu miezi sita. Nywele zingedondoka, na zingeota tena. Siku ya dozi na mbili tatu baada yake ni za kichefuchefu na uchovu, ingawa dawa za kuzuia kutapika siku hizi ni nzuri na hazipaswi kuachwa kwa kubana matumizi. Doksorubisini ni nyekundu, na mkojo wa siku ya kwanza huwa mwekundu. Asiyeambiwa mapema hudhani anatoa damu. Paklitakseli huleta ganzi vidoleni, jambo la kweli kwa mtu anayepima vitenge kwa vidole siku nzima, na linatakiwa kusemwa mapema ili dozi irekebishwe ganzi isije ikabaki.

Hata hivyo, jambo la hatari kuliko yote haya huonekana dogo. Siku ya 11 baada ya dozi ya pili alipata homa ya 38.6. Mtoto wake mkubwa akaenda duka la dawa kununua dawa ya mseto, kama kila nyumba ya Morogoro ingefanya, kwa kuwa homa kwetu ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa aliye kwenye kemo ni kinyume chake. Kati ya takriban siku ya 7 na ya 14 chembe nyeupe za damu huwa chini kabisa, na homa ya 38 na kuendelea ni maambukizi yanayoweza kuua ndani ya saa chache mpaka yathibitike vinginevyo. Dada wa mgonjwa, aliyekuwa ameshika kadi ya maelekezo, alisisitiza waende hospitali ya mkoa usiku uleule. Akapewa antibayotiki kwa mshipa, na akapimwa malaria pia, kwa sababu hata huyu anaweza kuwa nayo. Kadi ile, iliyosema kwa Kiswahili kwamba mwenye kadi yuko kwenye kemo na homa yake ni dharura, ilifanya kazi ambayo maelezo marefu ya kliniki yasingeifanya, kwa kuwa ilisomwa na mtu ambaye hakuwepo kliniki.

Kemo ilipokwisha, uvimbe ulikuwa umebaki sentimeta 2.5. Familia ilisikitika kwamba haukuisha. Hapa palihitajika maelezo, kwa kuwa saratani za aina hii, zenye vipokezi vya homoni na zisizo na HER2, hutoweka kabisa kwa kemo kwa mgonjwa kama mmoja katika kumi tu. Zile zisizo na kipokezi chochote kati ya vitatu, ambazo huonekana kwa wingi zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika kuliko kwa wengine, hutoweka mara nyingi zaidi, lakini baada ya hapo hazina vidonge vya homoni vya kuzilinda. Kusinyaa hadi chini ya nusu kulikuwa mafanikio, na silaha kubwa dhidi ya ugonjwa wake ilikuwa bado haijatumika.

Ndipo likaja swali la shangazi na mume. Historia yake ni ndefu. William Halsted wa Baltimore, mwishoni mwa karne ya 19, aliondoa titi, tezi za kwapa na misuli ya kifua kwa pamoja, na kwa zaidi ya nusu karne madaktari wengi waliamini kwamba kukata zaidi ni kuponya zaidi. Imani hiyo ilivunjwa kwa ushahidi. Umberto Veronesi wa Milan na Bernard Fisher wa Pittsburgh, kila mmoja kwa utafiti wake ulioanza miaka ya 1970, waliwagawa wanawake kwa bahati nasibu kati ya kuondolewa titi lote na kuondolewa sehemu yenye uvimbe kisha kupigwa mionzi. Mwaka 2002 matokeo ya miaka 20 yalichapishwa: urefu wa maisha ulikuwa sawa. Katika utafiti wa Fisher, ambao uvimbe wake haukuzidi sentimeta 4, ugonjwa ulirudi kwenye titi lilelile kwa asilimia 14 ya waliopata mionzi, na kwa asilimia 39 ya walioondolewa uvimbe tu bila kupigwa mionzi. Kutokata titi lote ni tiba kamili, ila masharti yake ni kwamba mionzi iwepo.

Sharti hilo si dogo katika ukanda huu. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya hospitali ya Mulago jijini Kampala, iliyosimikwa mwaka 1995 na kuwa pekee nchini Uganda, iliharibika kiasi cha kutotengenezeka. Baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi, ambako hospitali ya Aga Khan ilijitolea kuwatibu 400, na mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Katika muda huo, daktari wa upasuaji wa Kampala aliyemwachia mgonjwa titi bila uhakika wa mionzi angekuwa anacheza na namba za Fisher upande ule wa asilimia 39. Tanzania ina vituo vichache vya mionzi. Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam ndiyo kongwe, na hospitali ya Bugando ya Mwanza huhudumia Kanda ya Ziwa. Anayetoka Morogoro lazima apate pa kulala Dar es Salaam kwa wiki kadhaa. Mara nyingi suala hilo la malazi ndilo linaloamua upasuaji wa aina gani ufanyike, ingawa halionekani kwenye faili.

Kwa mama huyu, hata hivyo, hesabu ya kaka ilikuwa na kosa. Alitaka titi liondolewe lote ili dada yake asipigwe mionzi. Lakini mgonjwa aliyeanza na uvimbe unaozidi sentimeta 5 na tezi zenye saratani anahitaji mionzi ya kifua na eneo la tezi hata titi likiondolewa lote. Mionzi ilikuwa njiani kwa vyovyote vile, na kwa hiyo sababu kuu ya kuondoa titi, kwa jinsi familia ilivyoiona, haikuwepo tena. Zilibaki sababu nyingine mbili. Uvimbe ulikuwa umesinyaa katika vipande viwili vilivyoachana badala ya kujikusanya mahali pamoja, na kabla ya kemo hakuna alama ya chuma iliyowekwa ndani yake kumwonyesha mpasuaji ulikoanzia. Na titi lenyewe lilikuwa dogo, kiasi kwamba kilichobaki kisingekuwa na umbo. Kukosekana kwa alama ile ni pengo la mfumo, si la mgonjwa, na ni jambo ambalo mtu yeyote anayeanzishiwa kemo kabla ya upasuaji anastahili kuliulizia mapema.

Akaamua liondolewe. Mume aliulizwa kama anakubali kutia sahihi, naye muuguzi akamrudishia mgonjwa kalamu: fomu ya ridhaa ya mtu mzima mwenye akili timamu ni yake mwenyewe. Mumewe alisaini kama shahidi. Waliondoa titi na tezi za kwapa, misuli ikabaki, na alitoka wodini na mpira mwembamba wa kutolea majimaji ukiwa umepenyezwa chini ya kanga. Tezi nne kati ya 14 zilikuwa na saratani. Alianza mazoezi ya bega mapema, na akaelezwa dalili za kuvimba mkono, zinazoweza kutokea hata baada ya miaka. Mionzi ilikuwa vipindi 15 katika wiki tatu, mpango ambao umethibitika na ambao umepunguza ule wa zamani wa vipindi 25 katika wiki tano. Kwa mtu anayelala kwa binamu yake Mbagala na kupanda daladala kila asubuhi akiwa na ngozi iliyowiva, wiki mbili pungufu ni nyingi sana.

Baada ya hapo familia ilidhani tiba imekwisha. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa huduma zetu, kwa sababu kipengele kilichobaki ndicho kidogo kwa umbo na kikubwa kwa nguvu: kidonge cha tamoksifeni, miligramu 20 kila siku. Kwa saratani yenye vipokezi vya estrojeni, miaka mitano ya tamoksifeni hupunguza vifo kwa takriban theluthi moja katika miaka 15, na kwa mwenye tezi zilizoathirika kama yeye, kufika miaka 10 huongeza faida. Ugonjwa wa aina hii una tabia ya kurudi polepole, hata baada ya mwaka wa 10 au wa 15. Mkutano wa familia ulioitishwa kwa ajili ya titi ulikuwa na watu wengi. Wa vidonge haukuwepo, na wengi huviacha kimyakimya mwaka wa pili kwa kujiona wamepona au kwa kuchoshwa na joto la ghafla usiku.

Yalihitajika maelekezo ya wazi. Asishike mimba akiwa kwenye tamoksifeni, na asirudi kwenye sindano ya uzazi wa mpango aliyoizoea kwa kuwa ni homoni. Kitanzi cha shaba kilimfaa. Akivimba mguu mmoja ghafla au akipata shida ya kupumua, asisubiri tarehe ya kliniki, maana tamoksifeni huweza kugandisha damu kwenye mishipa. Asikubali kubadilishiwa dawa akapewa anastrozoli au letrozoli, zinazosifiwa kwa wanawake waliokoma hedhi, maadamu ovari zake zinafanya kazi, kwa sababu peke yake hazitamsaidia. Hedhi kukoma wakati wa kemo si ushahidi kwamba ovari zimestaafu.

Ushahidi kwamba hazikustaafu ulikuja wenyewe. Miezi mitano baada ya dozi ya mwisho ya kemo, hedhi ilirudi. Mwanamke aliyehitaji kemo, na ambaye baada yake bado ana hedhi, hupungukiwa hatari ya ugonjwa kurudi kama ovari zitazimwa juu ya tiba ya vidonge. Wazo lenyewe si jipya: George Beatson wa Glasgow alieleza mwaka 1896 jinsi saratani ya titi ilivyonywea baada ya kuondoa ovari, kabla hata homoni ya estrojeni haijajulikana. Leo kuna njia mbili. Sindano ya goserelini, chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya siku 28, huzizima ovari kwa muda wote inapotumika, na gharama yake hujirudia kila mwezi kwa miaka. Upasuaji mdogo wa kuziondoa hulipiwa mara moja, lakini haurudi nyuma: joto, ukavu, mifupa kudhoofika na mabadiliko ya ndoa huja kwa ghafla na kubaki.

Kaka alipendekeza upasuaji kwa sababu ya fedha. Mgonjwa, ambaye sasa alikuwa akijibu mwenyewe kabla ya mtu mwingine kufungua mdomo, aliuliza kama anaweza kupata sindano tatu kwanza, aone mwili wake unaishije bila ovari, ndipo aamue juu ya kuziondoa. Daktari alikubali. Sindano ya kwanza ilipangwa siku ileile ya kuchukua vidonge, ili nauli ya Morogoro iwe moja.